Nyumba njema si mlango: mkaguzi wa jengo la biashara anafanya nini hasa, na unampataje

Kila ghorofa likianguka mahali mjadala unaanza uleule. Mmoja anauliza, hivi hili jengo halikukaguliwa? Mwingine anajibu lilikaguliwa, cheti kilikuwa kimebandikwa ukutani. Wa tatu anasema ukaguzi wenyewe ni karatasi tu, hauna maana. Ukisikiliza vizuri utagundua wote watatu wanaongelea watu tofauti, maana neno "mkaguzi" tumelibebesha kazi za watu kama watano hivi. Na hapo ndipo mtu anayetaka kununua jengo la maduka, au ghala, au ghorofa la ofisi, anajikuta amelipia akiamini kuna mtu alishamwangalilia jengo, kumbe hakuna aliyeangalia kwa niaba yake hata mmoja.

Kwa hiyo tuwatenganishe kwanza hawa watu.

Kuna mkaguzi wa mamlaka, yule anayetumwa na halmashauri au idara ya ujenzi. Kazi yake ni kulinganisha jengo na sheria na ramani iliyopitishwa. Anakuja katika hatua fulani za ujenzi, anapitisha au anakataa, na jengo likikamilika linapewa cheti cha kuanza kutumika. Cheti kile kinasema kwamba siku ile, kwa matumizi yale, jengo lilikubalika. Ni kama cheti cha kuzaliwa, kinathibitisha mtu alizaliwa, hakikwambii kama leo ana presha au sukari.

Kuna mthamini. Huyu anatafuta jengo lina thamani gani sokoni, anaangalia eneo, kodi inayoingia, majengo yanayofanana nalo yameuzwa kwa bei gani. Akikuta ufa wa kutisha atauandika, ila hapandi juu ya paa na hafungui swichibodi. Na kama katumwa na benki basi anaifanyia kazi benki, ambayo inataka kujua kitu kimoja tu, ukishindwa kulipa mkopo wao watarudisha hela yao kwa kuuza jengo au hawarudishi.

Kuna mhandisi wa miundo, mtu wa nguzo, boriti, slabu na msingi. Huyu ni bingwa wa eneo moja. Halafu kuna fundi wako uliyemzoea, ambaye ana macho mazuri na sibishi, lakini fundi akiangalia jengo anaona kazi ya kufanya, na kazi ikipatikana yeye ndiye anayefaidika.

Na mwisho kuna huyu tunayemzungumzia leo, mkaguzi wa hali ya jengo, ambaye unamwajiri wewe, unamlipa wewe na ripoti anakuandikia wewe. Mfikirie kama daktari wa kawaida anayekupima mwili mzima. Hafanyi upasuaji. Ila akisikia kitu kwenye moyo anakwambia nenda kwa daktari wa moyo, na anakwambia uende haraka kiasi gani. Mkaguzi mzuri anajua kidogo kuhusu kila kitu na anajua vizuri sana pale ujuzi wake unapoishia.

Sasa anafanya nini huyu mtu akifika? Wengi wanadhani anazunguka na tochi kisha anasema jengo zima au bovu. Hapana. Kazi imegawanyika sehemu tatu na kutembea ni sehemu moja tu. Marekani kuna kiwango kinaitwa ASTM E2018 ambacho kimeeleza kabisa hatua za kazi hii, na Uingereza wengi wanaoifanya wako chini ya RICS, chama cha kitaaluma chenye makao London kilichoanza mwaka 1868, lakini popote unapokwenda msingi ni uleule: anasoma karatasi, anauliza watu, anatembea jengo. Karatasi maana yake ramani, vibali, rekodi za matengenezo, mikataba ya huduma ya lifti, vyeti vya mifumo ya moto. Watu maana yake msimamizi wa jengo, fundi wa jengo, mlinzi wa zamu ya usiku, wapangaji. Na usidharau hii ya kuuliza watu, maana mpangaji wa ghorofa ya juu anajua mvua ikinyesha anaweka ndoo wapi na ndoo hiyo huwezi kuiona siku ya jua.

Halafu ndio anatembea. Na anatembea bila kubomoa, hili lieleweke mapema. Hatoboi ukuta, hang'oi vigae, hahamishi mzigo wa mpangaji. Jengo likiwa na vyumba mia hataingia vyote, ataingia sampuli mnayokubaliana. Wakati mwingine atakuja na kamera ya joto, ambayo inaonesha sehemu iliyo na joto tofauti na jirani zake, hivyo paa lenye maji yaliyojificha chini ya tabaka la juu linajionesha jioni kwa sababu sehemu iliyolowa inachelewa kupoa, na kiungo cha umeme kilicholegea kinaonekana kinawaka peke yake kwenye swichibodi wakati vingine viko sawa. Ni kifaa kizuri. Ila kamera inaona joto tu, haioni ndani ya zege, kwa hiyo usimchague mtu kwa sababu ana kamera.

Kinachotoka mwisho ndicho watu wengi hawakitegemei. Ripoti ya jengo la biashara haina kufaulu wala kufeli, ni kama kalenda ya gharama. Inakwambia hiki ni cha kushughulikia sasa hivi kwa sababu ni hatari au kinaharibika kila siku, hiki ndani ya mwaka, na hivi vingine ndani ya miaka kumi au kumi na miwili ijayo, yaani paa litahitaji kubadilishwa takriban lini, viyoyozi vimebakiza maisha gani, lifti itadai matengenezo makubwa mwaka gani, na kila kimoja kina makadirio ya pesa. Jengo lenye matatizo thelathini linaweza kuwa biashara nzuri kabisa kama bei inayafahamu hayo thelathini, na jengo lenye tatizo moja linaweza kukumaliza kama ni lile moja la msingi.

Nataka nikae kidogo kwenye kitu kimoja ambacho ndicho kinatofautisha jengo la biashara na nyumba ya kuishi, nacho ni matumizi. Nyumba ilijengwa watu waishi na watu wanaishi, basi. Jengo la biashara linabadilika badilika, leo ofisi, kesho gym, keshokutwa mtu kaweka ghala la vitabu ghorofa ya tatu na hakuna aliyeuliza sakafu inasemaje. Sakafu zina hesabu. Kwa kiwango cha Marekani kinachoitwa ASCE 7, sakafu ya ofisi inapigiwa hesabu ya kubeba takriban kilo 250 kwa kila mita ya mraba, lakini ghala, hata lile la mizigo myepesi, ni kama kilo 600. Zaidi ya mara mbili! Na maji ndiyo yanadanganya watu kuliko kitu chochote, kwa sababu tangi linaonekana jepesi likiwa tupu, ila lita elfu tano ni tani tano juu ya kichwa cha watu, na tunaweka matangi mawili matatu kwenye pembe moja ya paa kwa sababu ndipo bomba lilipokuwa karibu.

Haya si mambo ya kufikirika. Jengo la maduka la Sampoong kule Seoul, Korea Kusini, halikupangwa tangu mwanzo kuwa duka kubwa. Mpango ulibadilishwa, ikaongezwa ghorofa ya tano ikawekwa migahawa, nguzo zikapunguzwa ili kupata nafasi, na mitambo mizito ya viyoyozi ikakaa juu ya paa. Nyufa zilionekana wiki kadhaa kabla. Tarehe 29 Juni 1995 zilipanuka, wakafunga ghorofa ya juu, chini biashara ikaendelea, na jioni hiyo upande mzima wa kusini wa jengo ukashuka. Walikufa watu 502. Rana Plaza, Bangladesh, nayo ilijengwa kwa ajili ya maduka na ofisi, zikaongezwa ghorofa juu, zikaingia viwanda vya nguo vyenye mashine na jenereta. Nyufa zilionekana siku moja kabla, mhandisi akaitwa akasema si salama, benki na maduka ya chini vikafungwa, lakini wafanyakazi wa viwandani walirudishwa kazini. Asubuhi ya tarehe 24 Aprili 2013 jengo likaanguka na watu 1,134 wakapoteza maisha. Ukitaka kujua kwa nini swali la kwanza la mkaguzi mzuri ni "lilijengwa liwe nini na sasa ni nini", jibu ni hilo. Na ukitaka kujua kwa nini ukaguzi peke yake hautoshi, jibu pia liko hapohapo, mtu aliangalia, akasema, hakusikilizwa.

Tukirudi kwenye nyufa, maana hapa ndipo hofu nyingi na uongo mwingi ulipo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila hawakutuambia ni ufa upi. Kuna ufa wa plasta, mwembamba kama unywele, unatokana na plasta kukauka na kusinyaa, huo ni wa kupaka rangi. Wataalamu wa Uingereza wana mwongozo wa kuta za matofali unaozipanga nyufa kwa upana, chini ya milimita 1 ni jambo dogo sana, mpaka 5 bado ni dogo, kuanzia 5 mpaka 15 ni la wastani, juu ya hapo ni kubwa. Lakini usichukue rula ukajifanya mhandisi, kwa sababu upana ni sehemu tu ya habari. Mahali ulipo una maana zaidi. Ufa mwembamba kwenye nguzo ya zege unatia wasiwasi kuliko ufa mpana kwenye ukuta wa kugawa vyumba. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, au unaotoka kwenye kona ya dirisha ukaenda mshazari, mara nyingi unasema ardhi chini imecheza. Na la muhimu kuliko yote, unaongezeka au umesimama? Ndio maana mkaguzi anaweza kuweka alama na tarehe na kusema tuuangalie baada ya miezi mitatu, na hapo mtu analalamika amelipa hela kuambiwa asubiri, wakati kusubiri huko ndiyo kipimo chenyewe.

Kuna na hili la "zege ni la milele". Zege lenyewe linavumilia sana, lakini ndani yake kuna nondo, na nondo ni chuma. Maji yakipenya, hasa yenye chumvi, chuma kinashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo inasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka na kudondoka vipande. Ukiona vipande vya zege vimeanguka kwenye maegesho ya chini na nondo nyekundu zinachungulia, basi kazi hiyo imeanza miaka mingi nyuma na chanzo chake yawezekana ni mfereji mmoja juu ulioziba. Maji ndiyo adui namba moja wa majengo, kila mkaguzi atakwambia, na ndiyo maana anatumia muda mrefu juu ya paa na kwenye vyoo kuliko kwenye ukumbi wenye marumaru.

Mengine niyapitie haraka. Umeme, anaangalia kama mzigo umezidi uwezo na kama kuna waya za kuungaunga zilizoongezwa na kila mpangaji aliyepita. Moto, anaangalia milango ya dharura inafunguka au imewekewa kufuli na maboksi, kengele zinalia, vizimamoto havijapitwa na muda. Viyoyozi, umri na huduma. Lifti kwa kawaida inapimwa na mtaalamu wake wa lifti, mkaguzi anasoma rekodi tu.

Na kuna vitu ambavyo ukaguzi wa kawaida hauvigusi kabisa mpaka uombe, hapa watu wanaumia. Asbestosi, yaani nyuzi za madini zinazodhuru mapafu zikivutwa, kwenye mapaa ya zamani, insulesheni (kizuia joto) ya mabomba na vigae vya sakafu, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2005 lakini majengo ya nyuma bado yamesimama nayo. Udongo uliochafuliwa, kwa mfano palikuwa na kituo cha mafuta na tangi bado liko chini ya ardhi, huo ni uchunguzi tofauti wa mazingira na una wataalamu wake. Mchwa. Mabomba ya maji taka yaliyozikwa, yanayohitaji kamera ya kuingizwa ndani. Mipaka ya kiwanja, ambayo ni ya mpima ardhi. Ukidhani vyote vimo kumbe havimo, utakuja kumlaumu mkaguzi kwa kitu ambacho hamkukubaliana.

Imani nyingine ambazo nazisikia kila mara. "Jengo ni jipya, la nini kukagua?" Kipya kinyemi, sawa, lakini jengo jipya halijapitia hata masika moja vizuri, kasoro zake bado hazijajionesha, na tena jengo jipya ndilo lenye dhamana ya mkandarasi, ukizikuta kasoro ndani ya muda wa dhamana anazirekebisha yeye, ukizikuta mwezi mmoja baadaye ni zako. "Muuzaji ameshanipa ripoti yake." Isome, ina faida, ila angalia ni ya lini, iliandikwa kwa ajili ya nani, na kama inakuruhusu wewe kuitegemea, maana ripoti nyingi zina kifungu kinachosema aliyeagiza peke yake ndiye anayeweza kuitegemea, yaani ikikosea wewe huna pa kudai. "Mimi ni mpangaji tu, hainihusu." Soma mkataba wako! Mikataba mingi ya biashara inamtwisha mpangaji matengenezo, mingine mpaka paa na mitambo, na ukiingia bila kurekodi hali ya jengo siku ya kwanza, siku ya kutoka utadaiwa ulirudishe katika hali ambayo hukuikuta.

Basi unampataje mtu sahihi? Mimi ningeanza na kuandika, kabla ya kupiga simu yoyote, ukurasa mmoja tu, jengo ni la aina gani, ukubwa gani, limejengwa takriban lini, nataka kulitumia kwa nini, na nina wasiwasi na nini. Hilo la matumizi yako usilifiche. Mkaguzi asiyejua kwamba unataka kuweka mashine nzito atalikagua kama ofisi na atakuwa sahihi, kisha wewe utaingiza mashine. Ukurasa huo wape watu wawili au watatu na uangalie wanajibu nini. Anayerudisha bei peke yake bila swali hata moja, mimi ningemwacha. Anayeuliza paa linafikika vipi, ramani zipo, wapangaji watataarifiwa na nani, huyo ameshaanza kazi.

Omba akuoneshe ripoti ya zamani aliyofuta majina. Hapa utajua mengi kuliko kwenye vyeti vyake. Kama kila ukurasa unasema "inapendekezwa mtaalamu aangalie zaidi" bila kusema kwa nini wala kwa haraka gani, basi umelipa mtu wa kukutuma kwa watu wengine. Kama kuna picha, mahali ilipopigwa, maelezo kwa lugha inayoeleweka na makadirio ya gharama, hapo sawa. Uliza nani hasa atakuja kutembea, maana kampuni inaweza kukuonesha bosi mwenye miaka ishirini ya kazi halafu akaja kijana wa mafunzo peke yake. Uliza jengo la aina hii amelikagua lini mara ya mwisho, kwa sababu aliyezoea nyumba za kuishi hajui mitambo ya kupoza ya jengo kubwa. Uliza bima ya makosa ya kitaaluma, na kwenye mkataba tafuta kifungu cha ukomo wa fidia, wengine wanaandika kwamba wakikosea watakurudishia ada yao tu, na hiyo ada ukilinganisha na paa zima ni kitu kidogo mno.

Na maslahi. Mkaguzi asiwe ndiye atakayefanya matengenezo, asiwe ameletwa na dalali anayesubiri kamisheni yake mauzo yakikamilika, na malipo yake yasiwe asilimia ya bei ya jengo wala yasitegemee kama umenunua au hukununua. Sisemi madalali wote wana nia mbaya. Nasema mtu anayepata wateja kumi kwa mwaka kutoka kwa dalali mmoja atakuwa mzito kidogo kuandika sentensi itakayoua biashara ya dalali huyo, hata kama ni mtu mwema.

Kabla hata ya hayo yote, hakikisha mkataba wa kununua unakupa muda wa kuchunguza, siku kadhaa ambazo ndani yake unaweza kujitoa ukarudishiwa amana yako au kurudi mezani. Wiki moja ni finyu kwa jengo kubwa, maana mkaguzi akisema aitwe mhandisi, mhandisi naye anahitaji siku zake, na vipimo vya zege maabara havitoki kesho yake. Ukikagua baada ya kulipa unakuwa umenunua habari mbaya tu.

Siku ya ukaguzi nenda. Vaa viatu vya kazi, mfuate nyuma, uliza, lakini usimharakishe na usimwache muuzaji amwongoze njia, kwa sababu anayeongoza njia anachagua milango. Chumba chochote kilichokosa funguo siku hiyo kiandikwe kwenye ripoti kwamba hakikuonekana, na wewe uombe siku nyingine kifunguliwe kabla muda wako haujaisha. Ripoti ikifika usianze na picha za kutisha, anza na ukurasa wa gharama za haraka, kisha mpigie simu mkaguzi umuulize swali hili moja: ungekuwa wewe unanunua, ni kitu gani kati ya hivi kingekukosesha usingizi? Kwenye simu watu wanaongea wazi kuliko kwenye karatasi. Alichokijibu hicho ndicho cha kumpelekea mhandisi, na ndicho cha kurudi nacho kwa muuzaji, ama apunguze bei ama arekebishe, na akichagua kurekebisha basi mkaguzi yuleyule arudi kuangalia kabla hujasaini, si kupokea picha ya ukuta uliopakwa rangi mpya.